Varo wa Kusini na Dirisha la Mama

Ndugu waombolezaji, Jumapili ya tarehe 16 Machi 2025, saa kumi na mbili jioni, sebuleni kwa mama yetu katika nyumba za serikali za Almendral, hapa Guayama, walikuwepo watu wafuatao: mama yetu mzazi Iluminada Lebrón, ambaye wengi wenu mnamwita Bi Lumi, wifi yangu Damaris Ferrer, mke wa marehemu, watoto wao Saúl na Noemí, Mzee Wiso kinyozi, jirani yetu Bi Carmín aliyekuja na sufuria ya supu ya kuku, muuguzi Ivelisse ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakuondoka, mimi Nereida, mdogo wake marehemu, na binti yangu Marisela niliyekuwa namnyonyesha. Nawataja wote kwa majina kwa sababu jambo lililotokea jioni ile lilitakiwa litokee mbele ya watu, na watu wenyewe ndio hao, wote wako hapa leo, mwenye shaka na awaulize.

Familia imeniomba nisome historia ya kaka yangu. Nitaisoma kama nilivyoiandika, na mahali nitakaposhindwa naomba mnisubiri kidogo.

Marehemu Evaristo Texidor Lebrón, ambaye nyumbani tulimwita Varo na dunia ikamjua kwa jina la Varo wa Kusini, alizaliwa Jumatano tarehe 7 Machi 1984 hapa hapa Guayama, pwani ya kusini ya kisiwa chetu, akiwa mtoto wa kwanza wa Saturnino Texidor na Iluminada Lebrón. Mimi nilimfuata tarehe 19 Agosti 1997, na katikati yetu Mama alipoteza mimba tatu, ambazo sababu zake alizijua yeye, na Varo alizijua pia ingawa alikuwa mtoto.

Baba yetu alifanya kazi katika kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa, na kilipofungwa akawa mtu wa ramu. Sisemi haya kumwaibisha mtu aliyekwisha kwenda, nasema kwa sababu Mama mwenyewe ameniruhusu, na bila hayo historia ya Varo haina miguu. Baba alipokuwa akirudi amelewa, Mama alianza kwa kufunga dirisha la sebuleni, lile la vipande vya alumini linalozungushwa kwa mpini, ili majirani wasisikie, ndipo mengine yakafuata. Aliyemuuliza mbona anajifungia na joto lote lile alijibiwa kwamba ni mbu, na kwa kuwa Guayama mbu hawajawahi kukosekana, watu waliitikia wakaendelea na safari zao. Baadaye akazoea kulifunga kutwa nzima. Alikuwa akipiga pasi nguo za walimu ndani ya chumba hicho hicho, joto la Julai juu ya joto la pasi, na Varo alikaa chini ya meza akimpepea miguu kwa kipande cha boksi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kaka yangu aliyoifanya duniani, na hakuna aliyemtuma.

Alianza shule ya msingi mwezi Agosti 1990. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alikuwa na njaa, na mpishi wa shule, marehemu Bi Providencia, alikuwa akimwekea sahani ya pili ya wali na maharage na kumwambia kwa sauti kali, wenzake wasikie, “Wewe, njoo unionjee chumvi, mimi leo nina mafua.” Varo alionja chumvi miaka sita. Aliniambia kwamba alikuwa mkubwa kabisa, mwenye nyumba yake, ndipo alipong'amua kuwa hakuna mtu anayeugua mafua miaka sita mfululizo.

Mwaka 1998 Baba aliondoka nyumbani, na tarehe 3 Mei 1999 alifariki kwa ajali ya barabarani huko Salinas. Varo alikuwa na miaka kumi na mitano, akanibeba mabegani siku ya mazishi ili niwaone watu, na tangu siku hiyo akajiona yeye ndiye mwanamume wa nyumba, akaacha shule mwaka 2000 akiwa darasa la kumi, akaanza kufuatana na wenzake ambao sitawataja kwa kuwa baadhi yao wamekuja kumzika na wamekuja na maua. Tarehe 22 Septemba 2001 alikamatwa ndani ya gari la wizi, ambalo hakuliiba wala hakuliendesha lakini alilipanda akijua, akafungwa miezi kumi na minane katika gereza la vijana. Mama alikwenda kila Jumamosi, amenibeba kiunoni, hakukosa hata moja.

Wageni wetu mliotoka mbali mtaniwia radhi nikisema jambo ambalo hapa kila mtu analijua. Kwetu mtoto haingii ndani, hatoki, halali wala hakati simu kabla hajasema “Baraka, Mama,” na mama hujibu “Mungu akubariki,” hata akiwa na hasira, hata kama sekunde moja kabla alikuwa amemrushia kandambili. Mtoto asiyejibiwa ni kama ametolewa nje bila nguo. Basi hata kule gerezani, katikati yao kukiwa na kioo, Varo aliomba baraka na Mama aliitoa, kwa sauti, mbele ya askari. Kulikuwa na askari mmoja, Bwana Cintrón, ambaye alimpa Varo vipande vya penseli na migongo ya fomu zilizokwisha tumika, na katika migongo hiyo ndiyo kaka yangu aliandika mistari yake ya kwanza. Bwana Cintrón ameshastaafu, yuko pale nyuma, amevaa shati jeupe, tunakushukuru baba.

Alipotoka mwezi Machi 2003 hakuna aliyetaka kumwajiri isipokuwa Mzee Wiso, aliyempa ufagio wa kufagia nywele katika duka lake la kunyolea karibu na uwanja wa kanisa. Varo alifagia kimya siku tatu, siku ya nne Mzee Wiso akamwambia, “Kijana, wateja hawakuja kusikiliza ufagio, nasikia una maneno, yatoe.” Akaanza kurap juu ya mngurumo wa mashine ya kunyolea, akiwataja wateja kwa majina, akiwachamba vipara vyao na madeni yao ya mapenzi, hata watu wakawa wanakuja kunyoa nywele ambazo hazijaota. Chumba cha nyuma cha duka kilitandikwa magodoro ukutani, kikawa studio. Tarehe 11 Februari 2009 wimbo wake wa kwanza ulisikika redioni, na Mama akatoka hadi uani na kidude cha redio mkononi akipita mlango kwa mlango, akisema, “Msikilizeni huyo, huyo alilala tumboni humu.”

Mwezi Aprili 2013 ulitoka wimbo uliomtoa hapa na kumfikisha kila mahali alikofika, ule wa dirisha. Mnaujua. Humo alimwambia Mama, “Ulifunga dirisha dunia isitusikie, nipe mpini huo leo nilifungue mimi.” Aliuandika kwa mapenzi, nilimwona akiuandika, alilia. Lakini Mama hakuusikia kwanza kutoka kwake, aliusikia duka la dawa, akiwa kwenye foleni, na nyuma yake alisimama Bi Carmín, ambaye mwenyewe ameniomba nisome maneno yake kama yalivyokuwa. Bi Carmín alisema, “Kumbe, Bi Lumi! Mbu wenu walikuwa na mikono.”

Mama aliacha dawa yake juu ya kaunta akarudi nyumbani. Aliwasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira, akaapa kwamba mdomo wake hautambariki Varo mpaka asimame mbele ya watu aseme dirisha lile lilifungwa kwa sababu ya mbu. Varo alikuja usiku uleule kutoka San Juan, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa kila namna, akasema ataacha kuuimba. Mama akasema, “Sitaki uache. Sema mbu.” Naye akasema, “Mama, nitakuomba radhi mpaka ulimi uchakae, lakini hawakuwa mbu.” Wale wawili walikuwa wametoka kwenye jiwe moja.

Hivyo ndivyo miaka kumi na miwili ilivyoanza. Msidhani Mama alimsusa, hapana. Alimpikia, alimfulia alipokuja, alimgombeza kuhusu suruali zake. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, popote alipokuwa duniani, Varo alipiga simu ya ukutani jikoni akasema, “Baraka, Mama.” Panakuwa kimya. Halafu Mama anauliza, “Umekula?” Anajibu, “Nimekula, Mama.” Anauliza, “Umekula nini?” Anataja. Mama anasema, “Hicho si chakula,” anaweka simu chini.

Tarehe 14 Juni 2014 marehemu alifunga ndoa na Damaris Ferrer katika kanisa la kwao Ponce. Mlangoni mwa kanisa maharusi waliinama, Mama akamwekea Damaris mkono kichwani akambariki vizuri, kwa sauti, kisha akamtengenezea Varo tai yake akasonga mbele. Watu waliona. Damaris, ambaye alikuwa na siku moja tu katika familia yetu, alimshika mumewe mkono akamwambia, “Nimepewa kubwa, inatutosha wawili.” Wifi, sijakwambia hata siku moja, lakini kwa neno hilo nilikupenda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Saúl aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2016, na Noemí aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2019, na hao bibi yao aliwabariki asubuhi, mchana na jioni, kana kwamba baraka zilikuwa zimemjaa na hana pa kuziweka.

Tarehe 5 Novemba 2016 Varo aliujaza ukumbi mkubwa wa San Juan, watu elfu kumi na nne. Alisimama gizani akasema neno moja tu, “Baraka, Mama!” na ukumbi mzima ukamjibu, “Mungu akubariki!” na tangu siku hiyo hakuanza onyesho lolote kwa namna nyingine, awe New York, awe Bogotá, awe Madrid. Sisi tulikuwa tunatazama kwenye televisheni, na Mama alisema, “Watu wote hao hawana watoto wao wa kuwabariki?” akaenda jikoni, akaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Varo aliniambia baadaye, “Nere, elfu kumi na nne wamejibu, na mimi nilikuwa natega sikio kwa mmoja.”

Alipewa tuzo, alinunua nyumba, alionekana katika magazeti, hayo mnayajua kuliko mimi. Ambayo huenda hamyajui ni kwamba paa la Bi Providencia alilijenga yeye, na jiko la shule lilipata friji mbili ambazo hakuruhusu jina lake liandikwe. Baada ya kimbunga cha mwaka 2017, tulipokaa gizani miezi mitano, alikuja na malori ya maji na jenereta, akayashusha mwenyewe na wenzake bila kamera yoyote, akaja mlangoni ana tope hadi magotini, akasema, “Baraka, Mama.” Mama alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema, “Vua viatu.”

Mwezi Novemba 2023 madaktari wa San Juan waligundua kwamba ana saratani ya kongosho. Alitibiwa huko kwa mwaka mmoja na zaidi, na tarehe 20 Januari 2025, alipoelezwa kwamba dawa hazisaidii tena, hakutaka kurudi katika nyumba yake nzuri ya Dorado, alitaka kuletwa Almendral, akalazwa sebuleni kwa Mama, karibu na dirisha. Lilikuwa limefungwa. Muuguzi Ivelisse, ambaye si wa hapa, siku ya kwanza alisema, “Bibi, tufungue kidogo mgonjwa apate hewa,” na Mama akajibu, “Mbu,” na sote tukatazama miguu yetu.

Jumapili zilipofika, Varo aliendelea kupiga simu. Amelala pale sebuleni, hatua kumi kutoka jikoni, anachukua simu yake ya mkononi, ile ya ukutani inalia, Mama anaipokea, na sote tunawasikia wote wawili kwa masikio yote mawili. “Umekula?” “Mama, umenilisha wewe.” Tulikuwa tunacheka, na tukimaliza kucheka kila mtu alikuwa anatafuta pa kwenda. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa inaninyima maziwa ya mtoto: kwamba atakwenda bila kujibiwa, na Mama atabaki na kiapo chake peke yake katika chumba kilichofungwa.

Tarehe 16 Machi hakupiga simu. Alimwambia Damaris awaite wote waliokuwepo, nimekwisha kuwataja, tukasimama kuzunguka kitanda. Mama alikuwa pembeni anapiga pasi shuka zake. Varo akasema, “Mnisikilize vizuri kwa sababu sina pumzi ya kurudia. Nasema mbele yenu nyote, mama yangu alifunga dirisha kwa sababu ya mbu.”

Mzee Wiso akavua kofia akasema, “Mbu wa enzi zile walikuwa wabaya sana.” Na Bi Carmín, sufuria bado iko mikononi, machozi yanamdondokea kwenye kifuniko, akasema, “Wabaya mno. Hata kwangu walikuwa wanaingia.”

Mama alisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, kwa kuwa hajawahi kuacha pasi kwenye umeme hata nyumba ikiwaka moto, akaenda dirishani. Mpini ulikuwa umeota kutu. Mzee Wiso alitaka kumsaidia, akaambiwa, “Kaa chini.” Aliuzungusha kwa mikono miwili, vile vipande vikalia, vikafunguka kimoja kimoja, sauti za watoto waliokuwa wanacheza uani zikaingia, na Mama akasema kwa sauti ya kufika uani, “Sikukulea uwe mwongo, Varo, usianze leo. Hawakuwa mbu. Alikuwa baba yako.”

Varo akasema, “Baraka, Mama.”

Mama akasema, “Mungu akubariki, mwanangu.”

Hapo na mimi nikashindwa. Nikasema, “Mama, mwambie na zile za kwenye simu.” Mama akanigeukia, “Nyamaza wewe mbea, nyonyesha mtoto.” Varo akauliza, “Zipi za kwenye simu?” Basi nikasema nilichokificha tangu nina miaka kumi na sita, kwamba kila Jumapili, baada ya kuweka simu chini, Mama alikuwa akibaki ameishikilia pale ukutani kwa kiganja na kuiambia, “Mungu akubariki, mwanangu,” na siku nilipomwona aliniapiza kwamba nikimwambia mtu ataninyima baraka na mimi, nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kulala bila kuipata.

Kaka yangu alicheka mpaka Ivelisse akamshika kifua. Akasema, “Miaka kumi na miwili, Mama, ulikuwa unamjibu ukuta?” Mama akasema, “Wewe ulikuwa unakata simu haraka.” “Mama, ulikuwa unakata wewe!” “Basi nilikuwa nakata mimi, kunywa supu ya Bi Carmín kabla haijapoa.”

Baada ya hapo aliishi siku kumi na moja, na katika siku hizo Mama hakupita karibu na kitanda bila kulisema neno lile, akipita na maji analisema, akipita na ndoo analisema, hata Varo akamwambia, “Mama, inatosha, wengine huko watanionea wivu.” Hakuwa na maumivu makali mwishoni. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kahawa ikiwa jikoni, mkono wa Mama ukiwa kichwani mwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja na siku ishirini. Tumelia, na tutalia tena hapa kaburini, lakini hatulii kama watu waliochelewa. Tulifika kwa wakati, ndugu zangu, na mimi tangu siku ile maziwa yamerudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa San Juan waliosema naye ukweli kwa upole, na muuguzi Ivelisse aliyehesabu zamu zake vibaya kila siku kwa faida yetu. Tunawashukuru majirani wa Almendral kwa viti, kwa barafu, na kwa kuzima muziki bila kuombwa, na watoto wa uani waliouwasha tena pale Varo alipowaomba. Tunamshukuru Mzee Wiso, aliyekuja jana asubuhi na mashine yake akamnyoa kwa mara ya mwisho, hakukubali mtu mwingine amguse. Tunawashukuru wanamuziki wenzake waliosafiri kutoka mbali. Tunamshukuru Bi Carmín, sufuria yake iko kwetu, aje achukue, akipenda aje na maneno pia.

Varo, kaka yangu, umekula, umejibiwa, sasa lala kwa utulivu.

Dirisha la sebuleni kwa Mama halijafungwa tangu Jumapili ile, na mbu wameingia kweli.